Mengineyo

Tangazo lilibandikwa kwa pini moja,
nusu yake imefunikwa na ratiba ya mitihani.
Nililiona kwa sababu ya upepo:
Mbeya, mwezi wa saba, upepo husoma kila karatasi
kabla ya wanafunzi.

Fedha za utafiti, shahada ya kwanza,
ukomo laki nane,
mwisho Ijumaa saa tisa na nusu.
Laki nane! Nikaitamka kwa sauti ndogo,
kama bibi yangu akilazimika kutaja jina la mkwewe.

Swali langu halikuwa na lugha ya kitabu.
Nilitaka kujua gunia la viazi lina kilo ngapi.
"Mia," alisema Lugano, mwenzangu wa chumba,
"hilo nalo la kutafiti?"
Lakini mimi nimekulia Isyonje.
Nimeyaona magunia yakivalishwa kilemba,
yakishonwa kwa kamba juu ya shingo,
yakisimama kando ya lami ndani ya ukungu
kama maharusi wanene,
na mnunuzi akilipia gunia,
kilemba akiondoka nacho bure.

Bajeti ilinikesha.
Mizani ya ndoana, ya kilo mia mbili: laki moja na themanini.
Kamba. Nauli, safari sita.
Tochi na betri, maana lori hupakia usiku.
Buti za kuazima, sifuri.
Sukari kilo nne. Nikaifuta.
Nikaiandika tena, nikaifuta,
mwisho nikaificha
kwenye kifungu cha mengineyo.

Kamati: watu watatu na chupa ya chai.
"Hii mengineyo, elfu kumi na mbili, ni kitu gani?"
Nikatazama dirishani. Loleza ulikuwa umejifunika.
"Ni sukari, Dokta.
Siwezi kuingia nyumba ya mtu mikono mitupu
nikamwuliza amepunjwa kiasi gani."
Kimya. Mmoja akakohoa.
Dokta Nsemwa, asiyecheka ovyo,
akaandika neno, akalipigia mstari.

Walinipa laki nne.
Nikakata safari mbili. Tochi ikawa simu.
Sukari sikuigusa.

Usiku wa kwanza tulipima magunia kumi na moja
kabla dalali hajaamka ndani ya kabini.
La kwanza: mia moja thelathini na nane.
La pili: mia moja arobaini na moja.
La tisa lilinyoosha ndoana,
tukaipinda upya kwa jiwe.

Mama Sikujua, mwenye shamba, hakusema neno.
Alihesabu kwa vidole:
kilo arobaini, mara magunia, mara misimu,
mara yule kijana wake aliyeishia kidato cha pili.
Kisha akafumba ngumi.
Vidole havikutosha.

Mhasibu, Bwana Kayange, akataka marejesho.
"Risiti ya punda iko wapi?"
Nikampa karatasi ya daftari
yenye dole gumba la wino, na tope kidogo.
Akainusa, naapa, akainusa,
akaibana pamoja na zingine.
Zilibaki shilingi elfu mbili na mia tatu.
Nilipoziweka mezani alizitazama muda mrefu;
fomu ya fedha inayorudi
hakuwahi kuchapisha.

Wajuzi wa ushairi wataniuliza
mizani ya mistari hii.
Sina. Niliyo nayo ni moja, ya chuma,
ina kovu la jiwe kwenye ndoana,
inaning'inia nyuma ya mlango wa bweni.

Jana alikuja kuiazima kijana wa mwaka wa pili,
Ahobokile, tangazo jipya limekunjwa mfukoni.
Anataka kupima ndizi zinazoshuka Tukuyu,
mkungu kwa mkungu.
Bajeti yake safi, imenyooka kwa rula.
Kifungu cha mwisho kitupu.
"Dada, hapa kwenye mengineyo huwa mnaandika nini?"

Nikamwuliza kwanza:
utaingia nyumba ngapi?